Vidonge Vinne vya Mafua

Nilimuuzia mimi.
Jumanne jioni, Igoma yote haina umeme,
nikakata karatasi ya vidonge kwa mkasi: vinne,
mia nne. Sikumuuliza habari za macho.
Nani anauliza macho kwa mtu anayepiga chafya?

Mama Ng'wasi alikuwa na haraka,
dagaa wake bado wameanikwa mwambani
na wingu limeshasimama upande wa Ukerewe.

Usiku akaona taa ya jirani imevaa upinde wa mvua.
Alicheka kwanza, mwanawe anasema.
Kisha kichwa, upande mmoja. Kisha kutapika.
Kisha jicho jekundu, gumu chini ya kidole kama gololi.
Wakampima malaria. Hakuna.
Wakampima tena.

Dokta Rwechungura wa Bugando alinichorea
kwa peni, nyuma ya risiti yangu mwenyewe:
jicho nalo lina ziwa lake,
maji yanaingia, maji yanatoka,
na wengine mlango wa kutokea huzaliwa nao mwembamba.
Dawa yako ya kukausha kamasi ilipanua mboni,
pazia la jicho likajikunja pembeni, likaziba,
kama gugu maji asubuhi pale Kamanga
kivuko kikinguruma bila kusogea.
Maji yakazidi. Yakaugandamiza mshipa wa kuonea.

Dripu, matone, dawa ya kukojoza:
presha ikashuka kidogo, ikagoma.
Ndipo wakamkata. Tundu moja
ukingoni mwa pazia, juu, linapofichwa na kope,
dogo kuliko tundu la sindano.
Wiki iliyofuata wakatoboa na jicho la pili,
lile zima, lisije likamfuata mwenzake.

Nilikwenda kumwona na machungwa matatu.
Nikaanza kusema samahani, sauti ikakwama.
"Nani huyo?" akasema. "Hamia huku, kulia."

Jana amekuja dukani.
Jicho la kushoto linahesabu vidole, nyuso linakosea.
Akaweka kaunta vidonge viwili vilivyobaki,
kwenye kipande kilekile nilichokikata,
jina la dawa limeishia katikati.
Boksi ninalo bado. Nimelisoma sasa:
mwenye matatizo ya macho amwone daktari kwanza.
Herufi ndogo kama mayai ya chawa.

"Nirudishie mia mbili yangu."

Nikampa sarafu.
Akaisogeza karibu na jicho la kulia,
akaigeuza upande wa pili,
akaigeuza tena.