Dirisha la Farasi

Leberecht Zander, mwana wa mkata mawe,
nilikutana nawe Kisumu, politekniki, chumba cha tatu,
ndani ya fotokopi iliyokolea wino upande mmoja.
Mwalimu Agutu alivuta pazia, akasema:
huyu alikuwa msanifu wa mtawala fulani wa Kijerumani
ambaye nchi yake yote haikufika Vihiga kwa ukubwa.
Nikaandika *mtawala*, nikasinzia. Ilikuwa saa nane,
joto la ziwa limekaa juu ya mabati
kama kuku aliyeatamia.

Nilichodaka ni vipande.
Kwamba ulianza kwa kuchanganya chokaa.
Kwamba Mtawala alikukuta ukichora kwa mkaa ukutani jikoni,
akakupa karatasi, koti la vifungo vya shaba,
na mahali pa kula: meza ya chini,
baada ya mpiga tarumbeta, kabla ya kinyozi.
Miaka thelathini na mmoja.
Jumba la kiangazi. Ukumbi wa maigizo, viti vya mahameli.
Ngazi mbili zinazoachana chini zikakutana juu,
kama ndugu waliogombania shamba
wakapatanishwa na msiba.

Kisha banda la farasi.
Hapo nikaamka.
Maana farasi arobaini walilala vizuri
kuliko sisi wanne kule Nyalenda:
sakafu yenye mteremko wa kutoa mkojo,
na juu, karibu na dari, madirisha ya mviringo,
kila moja upana wa sinia,
ya kufukuza harufu na kukaribisha mwezi.

Mtawala akafa. Mwanawe hakutaka majumba,
alitaka mbwa wa kuwindia.
Ukadai mshahara wa miaka minne, barua kumi na saba;
Mwalimu alizihesabu mpaka vidole vikamwishia.
Ukafia chumba cha kupanga, paa likivuja juu ya kitanda,
umetega sufuria,
na (hili halinitoki)
umeichora hiyo sufuria, na vipimo vyake.

Hapo ndipo nilipokupenda, Zander. Si kwa ngazi.
Baba yangu naye alimjengea mkuu mmoja nyumba ya mawe
akalipwa ahadi.
Kibao cha ufunguzi kina majina matano.
La baba limo ndani ya ukuta,
kwa msumari, nyuma ya plasta. Alituonyesha kwa kidole
tukipita barabarani, kila tulipopita.

Sasa niko Luanda, juu ya duka la mbolea,
meza moja, kiti kimoja, mgeni hukalia ndoo.
Sina mtawala. Nina kamati.
Wameniagiza vyoo vya wasichana, shule ya msingi chini ya mwamba:
milango minane, pesa za milango sita.

Fundi Lugalia aliigeuza plani, akaigeuza tena.
"Hii duara ni nini? Tangi?"
"Dirisha."
"Chooni? Mama, tofali lina kona nne."
Bi Kasandi, mwalimu mkuu, akauliza bei.
Nikasema: rimu ya baiskeli kuukuu. Jenga kuizunguka,
saruji ikishika, ichomoe.
Lugalia akanyamaza, kimya cha fundi
anayepiga hesabu asiyotaka itoke sawa.
Kesho yake alikuja na rimu tatu
na timazi mpya.

Sikumwambia kuhusu farasi.

Siku ya kukabidhi, kabla ya maombi na hotuba,
mtoto wa darasa la tano alitangulia kuchungulia.
Jua la saa tatu lilikuwa limelala sakafuni, duara,
kama chapati iliyodondoka.
Akaikanyaga, akairuka, akaikanyaga tena.
"Kumbe humu ndani kuna mchana," akasema,
akafunga mlango.

Kamati haijalipa.
Leo nimeandika barua ya tatu.
Nahesabu kwa vidole, Zander, bado ninavyo vingi.