Wimbo wa Nne

Saa tisa mchana, ukumbi bado mtupu,
viti vya plastiki vimepandana kama sahani,
nilimkuta Chinguwile juu ya ngazi
anafunga taa, waya ameubana kwa meno.
Nikamwita kutoka chini: "Kaka,
hizo za kupepesa utaziwasha lini?"

Akadhani nasifia.
"Wimbo wa nne, dada! Hapo Masasi nzima itaona nyota."
Nikamwambia nyota mimi ninazo zangu,
huja bila tiketi.

Sikuficha. Nimechoka kuficha.
Nililitaja neno lenyewe, kifafa,
kwa sauti ya kuulizia bei ya kanga,
na ngazi ikatikisika kidogo.

Mara ya kwanza haikuwa ngoma wala ukumbi.
Nilipakiwa kwenye pikipiki, natoka Newala, jioni,
jua limelala ubavuni mwa mikorosho:
mti, mwanga, mti, mwanga, mti, mwa
Nikaamka na mchanga mdomoni.
Watu wamesimama mbali, wamejiziba pua,
mmoja anasema msimguse, povu lile linaambukiza.
Ulimi uliuma wiki nzima.
Yale maneno hayajapoa.

Basi siku hizi hujiandaa
kama mtu anayekwenda harusi ya adui.
Nililala mchana, pazia chini.
Nilikula nikashiba, nikameza vidonge saa yake,
si baadaye, si "nikirudi".
Nikaazima kofia pana ya kaka yangu,
ya kupulizia mikorosho, bado inanuka salfa.
Na nesi wa Mkomaindo alishanifunza:
taa zikianza kupepesa usifumbe yote mawili,
kope ni kanga iliyochakaa, mwanga hupenya;
ziba jicho moja, kwa kiganja kizima,
geuka, toka.

Somoe nilimpa mtihani njiani.
"Nikianguka?"
"Nakulaza ubavu, nakuwekea kanga chini ya kichwa."
"Kijiko mdomoni?"
"Si kijiko, si kidole, si chochote."
"Utanishikilia?"
"Naangalia saa. Dakika tano zikipita, natafuta gari."
"Na watu?"
"Watu nawatukana."
Hilo la mwisho sikumfundisha mimi.

Usiku ukumbi ulijaa pesa ya korosho,
mashati mapya yana mikunjo ya dukani.
Tulikaa nyuma, jirani na mlango.
Wimbo wa kwanza nilicheza.
Wa pili nilicheza hadi kofia ikadondoka.
Wa tatu ukielekea mwisho, kule juu kwenye mitambo
Chinguwile akaniinulia vidole vinne.

Nikatoka.

Na huo wa nne ndio niupendao.
Ndio niliokuwa nikiushonea sare za shule,
mshono kwa mshono, tangu mwezi wa saba,
shilingi ya tiketi naitia kwenye droo ya cherehani.

Nje, kwa muuza mihogo ya kukaanga,
niliegemeza mgongo ukutani
na ukuta ukaimba: besi ikanipanda uti wa mgongo
pingili baada ya pingili.
Kwenye matundu ya matofali, juu yangu, mwanga
ulikuwa unaukatakata usiku kama kitunguu.
Sikuutazama. Nilitazama mafuta yakichemka.
Nikaimba ubeti mzima, na muuza mihogo,
asiyeujua, akaitikia vibaya, kwa moyo wote.

Nilikuwa na hasira? Nilikuwa nayo.
Ukuta ni ukuta hata ukiimba.
Mwakani nitasimama tena chini ya ile ngazi
nimuulize Chinguwile kama nyota
ni lazima zipepese ndipo zionekane.

Wimbo haujaisha, Somoe huyo,
jasho tele, viatu mkononi.
"Mbona umeuacha? Si ndio wenyewe?"
"Nimekuja kuangalia saa," akasema,
akachukua muhogo wangu,
ule mkubwa.