Mvuke Baada ya Saa Tano

Kazi yangu ni kuandika kumbukumbu.
Sipigi kura. Pale mezani sina ulimi,
nina kalamu, na glasi ya maji iliyoshika vumbi.

Jumanne, ukumbi wa mji, Burnley.
Mvua inagonga dirisha kama mtu aliyesahau ufunguo.
Madiwani watatu: Bibi Entwistle mwenye kiti,
Bwana Holroyd asinziaye macho wazi,
na kijana Dar, mgeni wa kamati,
ambaye (ajabu) ameyasoma makaratasi.

Mwombaji: Thavarajah, duka la pembeni.
Ombi: bia hadi saa nane usiku,
chakula cha moto hadi saa kumi na moja alfajiri.

Sheria ya nchi hii ina kichekesho chake:
pai baridi haina saa.
Iuze usiku kucha, hakuna wa kukuuliza.
Lakini ipashe, saa tano ikishagonga,
imkabidhi mteja ikifuka mvuke,
hapo umeingia mikononi mwa baraza.
Haiogopi nyama, sheria. Haiogopi unga.
Inaogopa joto.

Sajini Halliwell alisimama na takwimu:
matukio kumi na manne tangu Pasaka,
chupa, matusi, mguu mmoja uliovunjika.
"Mangapi yalitokea dukani kwake?" Dar akauliza.
Karatasi zikapekuliwa, zikapekuliwa.
"Moja. Na ni yeye aliyetupigia simu."

Kisha Bibi Ollerenshaw, miaka sabini na tisa,
na daftari lake la shule lenye mistari.
Tarehe tisa, saa saba na robo: mtu kakojoa kwenye waridi.
Tarehe kumi: kilio cha msichana, nusu saa,
na hakuna aliyemjibu.
"Sina ugomvi naye," alisema, bila kumtazama.
"Theluji ilipofunga njia aliniletea maziwa,
pesa akazikataa. Lakini kitanda changu
kiko juu ya mlango wake. Nataka kulala tu."

Nikaandika: *Mkazi alieleza wasiwasi kuhusu kelele.*
Maneno matano. Waridi halikuingia,
wala msichana, wala maziwa.

Thavarajah alikuwa amevaa tai ya harusi ya mtu mwingine.
"Mchana supamaketi inanimeza," alisema.
"Usiku ndio uliobaki. Kodi ya pango hailali.
Na wauguzi wakitoka zamu, wale nini? Krispi?"
Akakaa kabla hajaambiwa akae.

Dakika arobaini chumba cha nyuma.
Niliyoyasikia mlangoni: biskuti ikitafunwa,
na Holroyd, aliyeamka kumbe,
akisema mama yake alikuwa mfagiaji wa usiku kiwandani
na alikuwa akirudi na njaa ya mbwa.

Uamuzi. Bia: mwisho saa tano.
Chakula cha moto: mwisho saa nane.
Kamera mbili, picha zitunzwe siku thelathini na moja.
Makopo ya bia kali yasiuzwe moja moja.
Pipa la taka. Bango la kuomba watu waondoke kimya.
Kila mmoja alitoka na nusu,
na nusu, mjuavyo, huamsha njaa.

Wiki ya pili usingizi ulinikimbia, nikapita pale.
Saa nane na dakika sita. Oveni imezimwa.
Ile karatasi ya buluu ya tangazo bado iko kiooni,
imepauka, kona moja imejikunja.
Muuguzi, viatu vimelowa,
akaonyesha pai kwa kidole.
Thavarajah akatazama saa ya ukutani,
akatazama kamera,
akaitoa vilevile ilivyo, baridi kama sarafu.

Muuguzi akaisweka kifuani, ndani ya koti,
akavuta zipu hadi kidevuni.
"Itapata moto njiani," akasema.

Ghorofani taa ya Bibi Ollerenshaw ikawaka.
Pazia likasogea, kidole kimoja tu.
Sote watatu tukanong'ona kwaheri.