Wako, Koma

Kwenye ngazi za jengo moja la Luthuli,
kati ya fundi wa simu na mshona sare,
nina taipureta na kiti cha mteja kinachoyumba.
Kwa meneja wa benki napiga "Bwana", kisha koma.
Kwa mwenye nyumba wa Umoja, "Mheshimiwa",
maana kodi imechelewa na heshima haitozwi riba.
Chini kabisa, kwa wote, "Wako mwaminifu",
hata vidole sivitazami.

Alhamisi akaja Wambeti, mpishi wa shule ya Eastleigh,
harufu ya vitunguu kwenye leso.
Anataka kumwandikia dada yake, Ciarunji, kule Siakago.
Miaka tisa hawajasemezana.

"Tuanzeje?"
Kimya. Nikamsaidia: "Dada mpendwa".
"Atacheka. Atawaita na majirani waje wacheke."
"Kwa Bi. Ciarunji Njeru".
"Hiyo ni samansi. Atatafuta wakili."
"Pokea salamu tele kama mchanga..."
"Mchanga! We, mchanga ndio tuliogombania,
ule wa mtoni kwa mama, lori saba,
pesa nikala mimi."

Nikachomoa karatasi ya tatu.
"Natumai u buheri wa afya".
"Ana sukari. Nimesikia kwa watu.
Usiniandikie buheri."

Fundi wa simu alikuwa amezima redio, anasikiliza.
Wambeti akakunja leso, akaikunjua.
"Utotoni nilimwita Kifuniko.
Alikuwa mfupi, mviringo,
na kila nilichovunja alikifunika."

Nikapiga: "Kifuniko,"
nikashuka mstari.
"Pesa za mchanga nilikula mimi. Mguu wako unaendeleaje?"
Akasema yatosha.

Vidole, kwa mazoea, vikakimbia chini:
"Wako mwam"
Akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa na moto wa sufuria.
"Mwaminifu nani?"
Nikafuta. Nikamtajia mtiifu, akaguna.
Nikamtajia akupendaye, akatazama ukuta.
"Acha hiyo wako peke yake."
Nikamwambia wako peke yake ni neno lililo uchi,
msomaji atauliza: wako nani? Wako wapi?
"Aulize," akasema. "Si ndiyo barua?"

Ukurasa ni shilingi hamsini.
Wake ulikuwa mweupe karibu wote,
nikataka kumpunguzia, akakataa,
akahesabu sarafu juu ya taipureta
akashuka ngazi kuelekea Posta.

Jioni nilikuwa na barua ya kaunti,
mtu wa kibanda, maji yamekatwa.
"Bwana," bila shida. Malalamiko, aya tatu.
Nikafika chini, nikapiga "Wako",
vidole vikasimama hewani,
na mwenye kibanda, ana haraka, akauliza
kama wino umeisha.