Daftari la Zamu

Kipupwe cha Newala hakibishi hodi.
Mwezi wa saba, saa nne usiku,
ukungu unapanda kutoka Shimo la Mungu
kwa magoti, kama mtu aliyeibiwa nguo,
unapapasa ukuta wa ghala, unapapasa kufuli,
unanifikia mimi, Chilumba, mlinzi wa chama cha msingi,
ndani ya koti la mtumba
lenye jina la mtu mwingine kifuani.

Korosho hakuna. Korosho ni habari ya Oktoba.
Sasa ghala limejaa salfa,
mifuko mia tatu na kumi na miwili. Nimeihesabu,
maana hesabu hufukuza usingizi,
na usingizi ukifukuzwa huacha mlango wazi.

Ndipo wanapoingia.

Sisemi nani. Nawaandika.
Meneja husoma ukurasa wa kwanza tu: *Usiku shwari.*
Kuanzia wa pili ni mali ya hofu:
msukule anayepalilia shamba la wenyewe
huku akiimba hesabu za darasa la tatu;
ndoo inayorudi peke yake kutoka kisimani,
imejaa, haimwagiki,
na njia nzima hakuna unyayo;
bibi harusi ambaye kila akicheka
jino lake moja huhamia kinywani mwa mumewe.
Hiyo ya jino niliifuta. Ilinifuata mpaka mchana.

Jua halijawahi kunipa hata sentensi.
Desemba naandika madeni.
Ni baridi hii, inayomlaza mbwa juu ya majivu
ya jiko la mama ntilie,
ndiyo hukamua.

Tarehe sita, saa kumi na nusu alfajiri, niliandika:
*Kimetoka kwenye ukungu. Kina umbo la mtu.
Uso wa manjano. Nyusi za manjano.
Mgongoni kimebeba kitu kinachonguruma.*
Herufi zikaanguka nje ya mstari.

Kikasogea. Kikakohoa.
"We mlinzi, bomba limeishiwa mafuta
na mfuko wangu wa pili umeloa umande. Fungua."

Jina? nikauliza, kalamu juu.
"Sijaona."
Hujaona nini?
Akacheka ndani ya unga wa salfa
hadi manjano yakapasuka mashavuni,
pakatokea mtu.

Asubuhi ile niligeuza daftari juu chini
nikaanza upya, kutoka nyuma:

*Ukungu umeufunga, mlango wa macho yangu,
Sijaona nimeona, japo sioni mwenzangu,
Kikohozi chake huja, kikitoboa mawingu,
Nami moyo hunguruma, kama bomba*

Hapo pana upungufu wa mizani nne.
Nilisikia bomba lenyewe, nikatoka nje.

Tangu hapo daftari linaliwa pande mbili.
Hofu inatoka mbele, mapenzi yanatoka nyuma,
na hofu yangu mpya haina meno wala kaburi:
ni Septemba, anga safi,
mikorosho imeshapona, hakuna wa kufuata salfa.

Juzi alilikuta mezani. Akasoma amesimama,
kidole chake kikiacha alama za njano.
Penye shairi alicheka.
Penye msukule alinyamaza, kisha akafuta macho
kwa ncha ya kanga, akasingizia dawa.
"Kaka yangu alikuwa anaziimba hivyo hivyo," alisema.
"Sita mara saba. Hapo ndipo alipokuwa akikosea.
Mtafutie mtu wa kumwita."

Leo ukungu ni mzito, taa ya ghala imekuwa yai.
Zimebaki kurasa mbili zinazotazamana,
pini katikati, imeshika kutu.
Upande huu msukule ameacha jembe,
amesikia sauti, bado hajageuka.
Upande ule, juu chini, mizani nne zinasubiri.
Saa kumi na robo.
Nimeanza na ya meneja, *Usiku shwari*,
kisha nikaikata.