Elfu Moja Ishirini na Nne

Saa tatu usiku, Ulaanbaatar, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
dirisha limeota manyoya ya barafu upande wa ndani.
Hifadhidata ya bima ya mifugo imekataa watu tena.
Haikuanguka. Ingeanguka ningejua la kufanya.
Imesimama tu mlangoni, inasema:
faili zilizofunguliwa zimezidi.

Dulmaa anapiga simu kutoka Dornogovi.
Madai yanafungwa saa sita, na wachungaji wamejaa ofisini kwake
na makoti yao ya ngozi, kila mmoja na hesabu ya mizoga:
kondoo mia mbili, ngamia tisa,
farasi mmoja ambaye mwenyewe hataki kumtaja kwa idadi.
"Seva yenu imeshiba?"
Haijashiba, namjibu. Kumbukumbu ipo, diski nusu tupu.
Imekazwa mkanda.

Elfu moja ishirini na nne, hapo ndipo inapokwama.
Na kikomo nilikwisha kukipandisha jana, kwa mkono wangu,
katika faili ya vikomo: elfu sitini na tano na ushei.
Nikaingia upya kwa jina la mtumiaji wake, nikauliza,
nikajibiwa elfu sitini na tano.
Nikalala usingizi wa pono.

Leo simuulizi mlinzi. Namuuliza mfungwa mwenyewe:
nachukua namba ya mchakato, nasoma karatasi yake,
ile anayotembea nayo mfukoni.
Elfu moja ishirini na nne.

Ndipo nacheka, peke yangu, kama mwehu.
Tangazo nililibandika kwenye lango la wageni,
wenye majina na nywila.
Yeye hakupita langoni. Alizaliwa ndani,
mfumo ulipoamka,
na aliyemzaa alimkatia nguo kwa kipimo cha zamani.

Mstari mmoja, basi, katika faili ya huduma yenyewe.
Soma upya. Zima. Washa.
Sekunde kumi na moja bila seva;
nilizihesabu kwa sauti.

"Inapokea," anasema Dulmaa. Nyuma yake nasikia
viti vikiburutwa, mtu akikohoa, mtu akitaja jina la bonde.
Kondoo mia mbili wanaingia. Ngamia tisa wanaingia.
Kisha kimya.
"Huyu wa farasi," ananong'ona,
"anauliza kama kuna nafasi ya kuandika rangi."

Naangalia jedwali. Hakuna.
Ipo safu ya maelezo, herufi mia mbili hamsini na tano.
Mwambie, nasema, aanze.