Kidato cha Kumi na Saba

Shuleni niliishia kidato cha pili.
Ada ilikatika kama kamba ya ndoo kisimani.
Hapa Tororo, kwenye mnara wa tanuri la saruji,
napanda vidato mia mbili na kumi na sita kila asubuhi
na hakuna anayeniuliza cheti.

Vingi nimevichomelea mwenyewe.
Najua kipi nilikichomelea nikiwa na homa:
mshono wake umepinda
kama mstari wa mtoto anayejifunza kuandika.
Macho ya watu hayauoni.
Mguu wangu unauona.

Kile cha kumi na saba sikukifanya mimi.
Nilikikuta. Bati la vipele,
vipele vidogo kama punje za mtama,
na miaka ilikuwa imezidonoa, kiatu baada ya kiatu,
hata katikati pakawa laini kama kiganja cha karani.
Tulimwambia Ochwo, msimamizi. Akaandika daftarini.
Tukamwambia tena. Akaandika tena,
safari hii kwa wino mwekundu.
Daftari halina meno.

Mvua ya Aprili ilitokea upande wa lile jiwe kubwa,
ikakuta vumbi la saruji limejilaza juu ya chuma,
vikakorogana, vikawa uji.
Owere alikuwa anashuka na ndoo ya grisi
akinisimulia alivyopunjwa mnadani Malaba.
Alifika hapa: "Sasa yule mbuzi..."
Sentensi hiyo haijamalizika mpaka leo.

Watu hudhani tulisikia kishindo.
Tulisikia ndoo.
Ndoo ilishuka kidato kimoja kimoja, vyote kumi na sita,
kwa adabu, kama mgeni asiyetaka kuamsha watoto.
Yeye alivishuka vyote mara moja.

Mfupa wa paja.
Miezi mitatu kitandani, mguu umefungwa kamba,
kamba imefungwa jiwe,
jiwe linaning'inia.

Hapo ndipo pesa zikapatikana. Zilikuwa wapi, sijui.
Pesa za kiwanda ni kama panya,
huzioni mpaka nyumba ishike moto.

Kikaletwa chuma cha wavu, kizito, kimechovywa zinki,
kinachoona mpaka chini: mvua inapita, vumbi linapita,
ukiinama unaona kofia za wenzako.
Nikapima, nikakata, nikaunga.
Nikakitia meno kwa grinda, meno mafupi
yanayotazama juu, yanayongoja soli.
Pua ya kila kidato nikaipaka rangi ya manjano
ili jicho lijue hewa inaanzia wapi.
Bolti mbili kushoto, mbili kulia,
nikakaza hata spana ikalia.

Kisha nikavua buti mbele ya wanaume wote,
nikasimama juu ya kile cha kumi na saba, peku.
Kiliniuma.
"Sawa," nikasema. "Leteni kingine."

Owere alirudi na gongo, siku ya mshahara.
Habari za fidia aliziachia wakili.
Kwetu alitaka kitu kimoja tu: lile bati la zamani.
Ochwo akatafuta fomu ya kutolea vyuma chakavu,
hakuiona, akatazama pembeni,
nasi tukalifunga nyuma ya bodaboda kwa mpira.

Nimelikuta kwake Osukuru, Jumapili iliyopita.
Amelilaza mlangoni, tumbo juu,
maana tumbo lina kutu, na kutu inakwaruza.
Watoto wanakwangulia matope hapo kabla ya kuingia,
kwarr, kwarr, huku wanasukumana.
Mimi nilisimama. Mguu wangu ulikataa.

"Pita, Athieno," akaniita kutoka ndani,
"hicho kimeshastaafu."

Tukanywa chai. Tukanyamaza kidogo.
"Na yule mbuzi?" nikamwuliza.

"Mbuzi gani?"